Tambi, spageti, indomie au tambi za mchele: ipi uitie kwenye mchuzi wa nazi wa haraka?

Tui la nazi, tangawizi, kitunguu saumu, ukwaju na pilipili. Vitu hivi havikosekani jikoni Tanga wala Lamu, na havikosekani Bangkok wala Singapore. Ndiyo maana kuchanganya upishi wa Pwani na tambi za Kiasia hakuhitaji ujanja mkubwa. Singapore na Malaysia wana laksa ya nazi. Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, wana khao soi. Vyote viwili ni tambi ndani ya tui lenye viungo. Anayejua kuunga samaki wa nazi amebakiwa na kazi ndogo sana.

Watu hukwama dukani, mbele ya rafu. Tambi nyembamba, spageti, indomie na tambi za mchele zote ni nyuzi na zote zinaiva upesi, lakini zikikutana na tui kila moja inafanya lake. Moja inaukausha mchuzi wote, nyingine inauacha umetuama chini ya sahani. Hapa nimezipanga zote nne juu ya mchuzi mmoja, ili tofauti tutakazoziona ziwe za tambi na si za viungo.

Tunapima nini

*Muda na moto.* Dakika zilizoandikwa kwenye pakiti hazitoshi. Spageti inayosema dakika tisa haijahesabu muda wa kuchemsha lita tatu za maji. Kwa mwenye jiko la pleti moja, idadi ya sufuria ni jambo zito kuliko dakika.

*Mchuzi.* Nyuzi zinapokeaje tui: zinalinywa, zinalibeba au zinalitema? Hiki ndicho kipimo ninachokipa uzito kuliko vyote, na ndicho watu wanachokisahau wanapochagua.

*Mfuko.* Bei zinapanda na kushuka, na za Mombasa si za Mwanza, kwa hiyo sitataja shilingi. Nitataja kinacholiwa na fedha: pakiti yenyewe, gesi, na vile vitu vya ziada ambavyo tambi fulani haziliki bila hivyo.

*Kiporo.* Kesho asubuhi itakuwaje?

*Inamfaa nani.* Hapo kila mtu ajitazame.

Mchuzi wenyewe

Kwa watu watatu: kitunguu maji kimoja, punje nne za saumu, kipande cha tangawizi, pilipili mbuzi kadiri unavyoweza kuvumilia, nusu kijiko cha chai cha bizari ya manjano, karoti moja na pilipili hoho moja zilizokatwa nyembamba kwa urefu, kabichi kidogo, kikombe kimoja na nusu cha tui jepesi, nusu kikombe cha tui zito, kijiko cha chakula cha soya sosi, na ndimu au ukwaju. Kitoweo ni kamba, mayai, au kuku wa jana aliyechambuliwa. Ukiwa na mchaichai uani, ponda bua moja ulichemshe ndani ya tui kisha ulitoe. Wengi wetu tumeuzoea kwenye chai, na humu unakaa vizuri zaidi.

Kaanga kitunguu mpaka kilainike, tia saumu, tangawizi na bizari, kisha mboga, zile ngumu zikitangulia. Mimina tui jepesi na soya sosi. Likichemka weka kamba. Wakijikunja na kugeuka rangi wameiva, na hilo halizidi dakika tatu. Tui zito linaingia mwisho. Koroga bila kuacha mpaka lianze kuchemka, la sivyo litakatika na mafuta yaelee peke yake. Ukwaju utie mapema pamoja na tui jepesi, lakini ndimu subiri uzime moto ndipo uikamue. Nyunyiza kotmiri. Chumvi ionje mwisho kabisa, kwani soya sosi imekuja na yake.

Anayetumia tui la kopo alihesabu kuwa tui zito, na alizimue kwa maji kiasi sawa apate jepesi.

Tambi nyembamba

Hizi ndizo zile za futari, za kukaangwa na kuwekewa iliki na sukari. Wengi hawazifikirii kabisa wanapotaka chakula cha chumvi cha haraka, na mimi naona wanajinyima.

*Muda na moto.* Sufuria moja mwanzo hadi mwisho, hakuna kuchuja. Zivunje, uzikaange kwa mafuta kidogo au samli kwenye moto wa wastani, ukigeuza muda wote. Usiondoke jikoni hapo: kutoka kahawia nzuri hadi kuungua ni sekunde chache. Kukaanga huku si kwa ajili ya rangi tu. Mafuta yanazivika nyuzi zisigandane, na ngano ikiguswa na moto mkavu inatoa harufu ambayo maji hayawezi kuitoa. Kisha tui jepesi likiwa tayari linachemka limiminwe juu yake. Kwa kikombe kimoja cha tambi zilizovunjwa anza na kikombe kimoja na nusu cha tui, uongeze kidogo kidogo ukiona bado ngumu. Punguza moto, funika, dakika sita hadi nane. Wapikao kwa mkaa wanajua kupalia makaa juu ya mfuniko. Tambi zikipaliwa zinakauka vizuri kuliko zikiachwa na moto wa chini peke yake.

*Mchuzi.* Zinakunywa. Usitegemee kubaki na rojo. Utapata chakula kikavu, kila uzi umeshiba nazi. Kwa sababu hiyo mpangilio wa mapishi unabadilika. Mboga na viungo vinaingia kwenye tui kabla ya tambi, ila kamba wanapikwa kando na kuwekwa juu wakati wa kupakua, maana dakika nane chini ya mfuniko zinawafanya wagumu. Tui zito nalo ni vijiko vichache tu mwishoni, vya kulainisha.

Jambo jingine: tambi hizi zinavumilia utamu na chumvi kwa pamoja. Nchi za Ghuba wana balaleet, tambi za sukari, iliki na zafarani zinazofunikwa kwa mayai ya kukaanga na kuliwa asubuhi. Kwa hiyo ukitia sukari kidogo kwenye tui lenye pilipili na ukwaju, kisha ukafunika na yai, hujakiuka desturi ya mtu yeyote.

*Mfuko.* Pakiti ni ya bei ya chini, gesi ni kidogo, na haidai kitu cha ziada. Wenzetu walio Ulaya na Marekani wanazipata kwenye maduka ya Wahindi, mara nyingi zikiwa zimeshakaangwa kiwandani. Hizo zipitishe tu kwenye samli kidogo kupasha harufu.

*Kiporo.* Zinagandana zikawa bonge. Nyunyiza maji, funika, pasha kwa moto mdogo. Au usihangaike kuzirudisha: changanya na yai, tengeneza vipande bapa, kaanga, na watoto watavigombea.

*Inamfaa nani.* Mwenye jiko moja na sufuria moja, na mtu asiyependa chakula chenye majimaji. Haimfai anayeacha chakula motoni akaenda kujibu simu.

Spageti

Waitalia waliipeleka Somalia wakati wa ukoloni, na Wasomali wakaifanya yao kabisa: basta inakuja na mchuzi wa nyama wenye viungo na ndizi mbivu pembeni, na mikahawa ya Eastleigh inaipakua hivyo hadi leo. Wajapani nao, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, waliikaanga na tomato sosi, soseji na pilipili hoho huko Yokohama, wakaiita Naporitan. Kwa hiyo anayekwambia spageti haichanganywi na mapishi ya watu wengine amechelewa.

*Muda na moto.* Hapa ndipo inaposhindwa. Kwanza maji mengi yachemke, kisha nyuzi ziive kwa dakika nane hadi kumi na moja kutegemea unene, na wakati huohuo mchuzi unataka jiko la pili. Mwenye pleti moja atengeneze mchuzi kwanza bila tui zito, auweke kando, achemshe spageti, kisha akutanishe vyote mwishoni. Inawezekana, lakini neno haraka hapo linapungua nguvu.

*Mchuzi.* Hapa ndipo inapozishinda nyingine. Spageti nzuri hutengenezwa kwa ngano ngumu, na uzi wake haulegei ovyo. Itoe sufuriani dakika mbili kabla ya muda wa pakiti, ikiwa bado na kiini kigumu kidogo, imalizie kuiva ndani ya tui. Kabla ya kumwaga maji yake, chota kikombe kimoja. Maji hayo yana wanga, na ukiyatia kwenye mchuzi yanaushikisha tui na uzi viwe kitu kimoja. Usiisuuze kwa maji baridi wala usiipake mafuta baada ya kuchuja. Tabia hizo mbili zimeenea sana na ndizo zinazofanya mchuzi uteleze na kutuama chini.

Ukitaka iwe na ule mvutano wa tambi za Kijapani za rameni, tia soda ya kuokea kwenye maji ya kuchemshia, vijiko viwili vya chai kwa kila lita. Wachina na Wajapani hukanda unga wa tambi kwa maji yenye chumvi za aina hiyo, ambazo ni ndugu wa magadi tunayolainishia maharage. Maji yatafura povu ghafla, kwa hiyo tumia sufuria kubwa. Na maji hayo usiyachote kwa ajili ya mchuzi. Yana ladha ya sabuni.

*Mfuko.* Pakiti ya nusu kilo inalisha watu watano kwa gramu 100 kila mmoja, hivyo kwa familia ni nafuu kuliko inavyoonekana rafuni. Kinachouma ni gesi. Ukiwa na birika la umeme, chemshia maji humo kwanza.

*Kiporo.* Bora kuliko zote nne. Ikilala kwenye friji inakazana, na kesho yake ukiikaanga kwa moto mkali na yai na soya sosi inakubali bila kukatika. Kuna wanaopika nyingi makusudi, kwa sababu ya hiyo ya kesho.

*Inamfaa nani.* Nyumba yenye watu wengi na majiko mawili, na yule anayetaka mchuzi mwingi wa kuzoa kwa uma.

Indomie

Nalitumia jina hili kama mtaani linavyotumika, kwa tambi zote za pakiti ndogo zenye viungo vyake ndani, za kampuni yoyote. Asili yake ni Japani, ambako Momofuku Ando alizitoa sokoni mwaka 1958.

*Muda na moto.* Hakuna ya kushindana nayo. Zimeshapikwa na kukaangwa kwenye mafuta kiwandani. Maji yakitoka kwenye uzi yanaacha vitundu vidogo, na kupitia vitundu hivyo maji yako ya moto yanaingia haraka. Dakika mbili au tatu basi. Kama zitaingia kwenye mchuzi, dakika moja na nusu inatosha, zichuje, zimalizie humo.

*Mchuzi.* Zinaubeba vizuri kwa dakika tano za kwanza, kisha zinavimba na kulegea. Lazima mlaji awe ameshakaa. Kuna na jambo la mafuta: uzi umekuja na yake, tui zito lina yake, ukiviweka pamoja chakula kinakuwa kizito cha kukinaisha. Mimi ningeliacha tui zito kabisa, nikatumia jepesi peke yake na ndimu ya kutosha. Maji ya kwanza ya kuchemshia yamwage, sehemu ya mafuta itaondoka nayo.

Sasa kile kifuko cha viungo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, na pakiti moja pamoja na kifuko chake inaweza kumega sehemu kubwa ya hizo. Soma ubavuni mwa pakiti. Mchuzi wetu tayari una soya sosi, kwa hiyo ama tumia nusu ya kifuko uache soya sosi, ama tupa kifuko kabisa. Kuvitia vyote viwili kunaharibu ladha ya nazi hata kabla hatujafika kwenye shinikizo la damu.

*Mfuko.* Inauzwa pakiti moja moja kwenye kila kioski, na hiyo ni nafuu kwa mtu ambaye leo hana fedha ya pakiti ya nusu kilo. Ila mtu mzima mwenye njaa hashibi pakiti moja ya gramu 70. Akila mbili, na akaongeza mayai na mboga zinazotakiwa ili kiwe chakula, ule unafuu unayeyuka.

*Kiporo.* Hakuna. Pika ya kuliwa, iishe.

*Inamfaa nani.* Mwanafunzi wa bweni mwenye birika tu, na mtu aliyerudi kazini usiku akiwa peke yake. Kwa watoto wadogo kila siku, hapana. Mara mojamoja na mboga za kutosha, sioni ubaya.

Tambi za mchele

*Muda na moto.* Hazichemshwi, zinalowekwa. Nyembamba sana zinataka dakika tatu hadi tano kwenye maji ya moto. Zile bapa, za aina inayopikiwa pad thai, zinaweza kufika dakika ishirini. Jiko linabaki huru kwa mchuzi, jambo zuri sana kwa mwenye pleti moja. Zitoe zikiwa bado zina ukinzani, maana kwenye karai zitaendelea kulainika.

*Mchuzi.* Uzi wenyewe hauna ladha kubwa, unaiacha nazi iseme. Kwa mchuzi mwepesi wa kunywewa na kijiko, wenye mchaichai na ndimu, sijui kinachozizidi. Kwa mchuzi mzito zinakatika ukizigeuza kwa mwiko. Tumia uma mbili, ukiinua badala ya kukoroga.

*Mfuko.* Ndizo ghali zaidi kwetu, na mara nyingi utazikuta supamaketi za miji mikubwa tu. Huko Ulaya na Amerika hesabu inageuka, kwani maduka ya Kiasia yanazo kwa wingi na kwa bei ya kawaida.

*Kiporo.* Kwenye friji zinakakamaa kwa sababu ya wanga wa mchele. Maji kidogo na moto zinazirudisha, lakini si kama mwanzo.

*Inamfaa nani.* Asiyepatana na ngano. Hapa tahadhari: soya sosi nyingi hutengenezwa kwa soya na ngano pamoja. Ukimpikia mtu mwenye ugonjwa wa siliaki, soma chupa kwanza, au acha soya sosi utumie chumvi na ukwaju. Tambi salama ndani ya mchuzi usio salama hazijamsaidia kitu.

Na kwa zote nne: chakula cha tui hakilali nje, hasa kwenye joto la Pwani. Kiingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Kukichemsha tena asubuhi hakuondoi sumu ambayo bakteria wameshaiacha humo.

Kwa hali yako

Una jiko moja, sufuria moja, na watu watatu wanasubiri: tambi nyembamba. Kaanga, mimina, funika, na yai la kukaanga likae juu.

Una familia na majiko mawili, na hutaki kupika tena kesho: spageti, upike pakiti nzima.

Uko peke yako, saa nne usiku, duka lililo wazi ni kioski cha pembeni: indomie mbili, tui jepesi la kopo au la pakiti, karoti iliyokwanguliwa, yai moja limevunjwa ndani mchuzi ukichemka. Nusu kifuko.

Kuna mgeni asiyekula ngano, au umepata kamba wazuri leo na unataka waonekane: tambi za mchele, mchuzi mwepesi, ndimu nyingi. Kamba wakikosekana, dagaa mchele wabichi wa Pwani waliokaangwa wakakauka wanafaa, ila wamwagie juu dakika ya mwisho wasilowe.

Umepata tui zito lililokamuliwa sasa hivi na hutaki kulizimua: spageti ndiyo inayoweza kulibeba bila kukukinaisha, na tambi nyembamba zinafuata ukilitia kwa vijiko. Indomie usiipe.

Na kama aliye jikoni ni kijana anayejifunza kupika, mwanzishe na spageti ingawa inachukua muda zaidi. Ikizidi dakika moja inabaki kulika. Tambi nyembamba ataziunguza mara ya kwanza, na harufu yake itakaa ndani mpaka usiku.